Bodi Mbili Chini ya Daraja

Watu wa soko la chini ya daraja la Guanghua, pale Taipei, walimwita Kuo Hsiu-luan "Mara Mbili". Jina hilo alibandikwa na jirani yake wa kibanda, Yen Kuo-tung, muuza kibodi na vipanya, mtu wa maneno mengi asiyembakiza mtu. Hsiu-luan hakuuza kompyuta bila kuiwasha, kuizima, na kuiwasha tena. Akishafunga kibanda jioni, alirudi kuuvuta mlango. Akitaka kuvuka barabara aliangalia kushoto na kulia, kisha akaanza upya. Wenzake walicheka, naye aliwaacha wacheke. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kilio yeye alishakijua.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la changarawe, mtu asiyejua breki, hadi siku kona ya mlimani kule Hualien ilipomkatalia. Hsiu-luan akabaki na binti mchanga na kazi ya kiwandani Taoyuan, ambako ujana wake wote uliishia kwenye mstari wa kulehemu bodi za kompyuta. Kiwanda kilipohamishiwa China bara, ng'ambo ya mlango wa bahari, yeye hakuhama. Alipata kibanda chini ya daraja, chembamba kiasi kwamba akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili, akaanza kuuza bodi na kuwaungia watu kompyuta. Juu ya kichwa chake magari yalipita kutwa, na kila lori zito lilipounguruma alinyanyua macho kuliangalia zege.

Binti, Hui-chuan, hakurithi hata tone la hofu hiyo. Alikulia ndani ya kibanda kile, akifanya kazi za shule juu ya maboksi, akakichukia, akaenda kusomea uuguzi. "Mama," alizoea kumtania, "wewe ukiona kivuli chako mwenyewe unakiomba radhi."

Halafu, mwezi wa nne mwaka 2003, ikaingia mjini ile homa mpya ya mapafu.

Kwanza zilikuwa habari za televisheni, za watu wa mbali. Kisha barakoa zikaadimika madukani. Wanafunzi waliokuwa wakifurika sokoni kila Jumamosi wakapungua, wakawa wanapita upesi upesi, mikono mifukoni, bila kugusa kitu. Siku moja Yen alipaliwa na tambuu akakohoa, kikohozi kimoja tu, na ujia mzima ukawa mtupu. Kijana aliyekuwa akijaribu kibodi aliiachia ikaanguka chini, akatoka mbio.

"Ni tambuu, jamani! Tambuu!" Yen alipiga kelele, akatema mate mekundu kwenye kikombe na kukiinua juu watu waone. Hakurudi mtu. Akamgeukia Hsiu-luan akicheka. "Dada Luan, wewe nawe umerudi nyuma. Nimekuona."

"Mimi narudi nyuma hata nyumbani kwangu," Hsiu-luan alijibu. Alikuwa amevaa barakoa mbili.

Alasiri iliyofuata simu yake ililia. Alikuwa Hui-chuan, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wanaogombana na mtoto anayelia.

"Mama, usipige kelele. Sikiliza. Wamefunga milango."

"Milango gani?"

"Ya hospitali. Yote. Wagonjwa, wauguzi, wapishi, hata mtu aliyekuja kuleta maua. Hakuna kutoka."

Hsiu-luan alikaa chini taratibu, juu ya boksi. "Una homa?"

"Sina."

"Umepima?"

"Nimepima."

"Pima tena."

Tangu hapo aliishi kwa simu. Asubuhi alifika sokoni kwa sababu nyumbani kuta zilimsogelea. Aliwasha uvumba kwa Mama Mazu, mlinzi wa mabaharia, ingawa bintiye hakuwa baharini. Alikunywa dawa za mitishamba zilizokuwa zikigombaniwa madukani. Usingizi ukija, aliota milango. Hui-chuan alipiga kila alipopata nafasi, na kila mara sauti yake ilikuwa imechoka zaidi, na kila mara aliulizwa swali lilelile, naye akajibu kwamba hana homa.

Kisha siku moja alipiga akiwa na ombi.

"Mama, tuna mzee hapa wodini, Babu Pan. Alikuwa fundi cherehani. Ni kiziwi tangu kuzaliwa, na mkewe vilevile. Wengine wote wanaongea na watu wao kwa simu. Yeye simu atafanyia nini? Wanaongea kwa mikono. Anatazama mlango kutwa. Nikimwandikia kwamba mkewe mzima, anatikisa kichwa. Anafikiri tunamdanganya, kwamba mkewe ameshakufa." "Unaweza kutengeneza kompyuta yenye kamera? Mtandao upo mezani kwa wauguzi, tutavuta waya."

"Nitaileta na nitaifunga mwenyewe."

"Huingii. Haingii mtu. Na kikiingia kitu hakitoki tena, mama, hata sindano. Ikiharibika ndiyo imeharibika."

"Nani ataifungua ikigoma?"

"Mimi."

"Wewe! Umesahau hata bisibisi inashikwaje."

"Tena nina glavu mbili kila mkono," Hui-chuan alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akacheka. "Basi tengeneza isiyoharibika."

Hapo ndipo Hsiu-luan alipogeukia rafu yake na kuona kwamba shehena zilikuwa zimesimama, na bodi za kutegemewa zilizobaki ni mbili tu. Zilikuwa kama mapacha. Kampuni moja, boksi lilelile la bluu, soketi ileile, na majina yake yalitofautiana herufi moja mwishoni. Ukizitoa kwenye maboksi na kuzilaza kifudifudi, usingeweza kuzitofautisha. Ukizigeuza na kutazama mgongoni, penye matundu ya kuchomekea nyaya, moja ilikuwa na tundu la bluu la skrini, nyingine haikuwa nalo.

Ile yenye tundu la bluu ilitoa picha yenyewe, kwa kidude kidogo kilicholehemiwa humo humo. Ukichomeka skrini, kazi imekwisha. Lakini kidude hicho kilikula sehemu ya memori ya kompyuta, picha zake hazikuwa na kasi, na watengenezaji, kwa kubana matumizi, hawakuweka nafasi ya kupachika kadi ya picha. Kidude kikifa, bodi nzima imekuwa kipofu. Ile nyingine haikutoa picha hata chembe. Ilitaka kadi ya picha pembeni, ya kusimamishwa kwenye mfereji wake, na kadi ikifa unaing'oa na kuweka nyingine.

Hsiu-luan aliziweka mbili hizo juu ya meza, moja kando ya nyingine.

"Hilo nalo la kufikiria?" Yen alisema kutoka kwake, shingo imenyooshwa kama bata. "Weka yenye kadi. Nitakupa kadi yangu nzuri kuliko zote, picha inateleza kama siagi. Hiyo ya picha ndani ni ya makarani wa posta."

"Kadi ina feni. Feni ikisimama?"

"Utawapa kadi ya pili ya akiba."

"Ataipachika nani? Mtu aliyevaa glavu mbili na miwani iliyojaa mvuke?"

"Basi weka ya picha ndani, yaishe."

"Na kidude kikiungua? Hapo hata mwenye vidole kumi na viwili hana la kufanya."

Yen akakuna kichwa. "Dada Luan, ukimsikiliza mtu kama wewe hata chai hutakunywa, utaogopa kikombe."

Lakini hakuondoka. Alikuja akasimama upande wa pili wa meza, akatazama naye. Miaka hiyo bodi nyingi zilikuwa zinakufa mapema. Vile vipipa vidogo vya kutunza umeme, vilivyosimama juu yake kama makopo, vilivimba vichwa, vikapasuka, vikatoa maji ya kahawia. Hsiu-luan alichukua kioo cha kukuzia akavipitia vya bodi zote mbili kimoja kimoja, akipapasa vichwa vyake kwa ncha ya kidole, kama mama anayetafuta joto kwenye paji la uso la mtoto. Vilikuwa bapa. Akavirudia.

Mwisho aliamua kuunga kompyuta mbili, moja kwa kila bodi, na kuziacha zenyewe zimwambie. Alizipiga kwa hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele, zikiwa zinacheza filamu, mpaka makasha yakawa hayashikiki. Zote mbili zilivumilia. Kisha akaifunga moja nyuma ya skuta yake, akazunguka nayo Barabara ya Bade na vichochoro vyake, akitafuta mashimo badala ya kuyakwepa. Watu waliomfahamu walimtazama kwa mshangao. Mara Mbili hakuwahi kuonekana akienda kasi hata siku moja. Akarudi, akachukua ya pili, akafanya vilevile.

Aliporudi na kuziwasha, ile ya picha ndani ikafunguka kama kawaida. Ile ya kadi ilizungusha feni, taa ikawaka, na skrini ikabaki nyeusi. Alifungua kasha. Kadi nzuri ya Yen ilikuwa imenyanyuka upande mmoja kwenye mfereji wake, kama jino linalong'oka.

Yen akaguna. "Haya. Makarani wa posta wameshinda."

Hsiu-luan hakufurahi. Hofu moja imekwisha, nyingine imebaki palepale. Lakini heri nusu shari kuliko shari kamili. Akafunga ile ya picha ndani, akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena, kisha akaizungushia sponji kama yai.

Langoni mwa hospitali kulikuwa na utepe wa manjano, askari, na waandishi wa habari waliosimama mbali kwenye kivuli. Madirishani yalining'inia mashuka yaliyoandikwa maneno ya kuomba msaada. Hsiu-luan aliyasoma yote akitafuta mwandiko wa mwanawe. Watu wawili waliovaa mavazi meupe ya kuwafunika toka utosini hadi nyayoni walikuja hadi kwenye utepe. Mmoja alikuwa na bomba la kunyunyizia dawa.

"Usipulizie nyuma!" Hsiu-luan alipiga kelele. "Futa tu! Nyuma pana matundu!"

"Mama, kila kitu kinapuliziwa."

"Kinachoingia kinapuliziwa cha nini? Si huko ndani ndiko kwenye ugonjwa?"

Yule mtu akasita. Pengine hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Akaifuta kwa kitambaa. Walipoibeba, mmoja alijikwaa kwenye ngazi na boksi likagonga ukingo wa ukuta. Milango ikafunguka, ikafungwa.

Alisubiri sokoni, simu mkononi. Ilipolia, aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mama, ni nyeusi," Hui-chuan alisema. "Feni inazunguka. Skrini nyeusi."

Hsiu-luan aliona kidude kile kidogo kimekufa, na pamoja nacho mzee akitazama mlango hadi pumzi ya mwisho. Alijiona mjinga aliyechagua bodi isiyo na mlango wa dharura.

"Dada Luan," Yen alimnong'oneza, "muulize kama inalia."

Kweli. Hofu ilikuwa imemwibia hata kazi yake. "A-Chuan," alimwita bintiye kwa jina la utotoni, "weka simu karibu na kasha. Izime. Iwashe."

Akasikia: mlio mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya. Akashika ukingo wa meza. "Ni memori. Memori imelegea, haijafa. Picha yake inakula humo humo kwenye memori, ndiyo maana haioni kitu. Izime, chomoa umeme. Fungua ubavu. Unaona kijiti kirefu cha kijani kimesimama?"

"Nakiona. Mama, siwezi kukishika, glavu zinateleza. Ngoja nivue hii ya ju..."

"Usivue!" Sokoni watu waligeuka. "Usivue, mwanangu. Tafuta mswaki. Wa mtu yeyote. Weka mkia wake juu ya kijiti, sukuma upande huu, halafu upande ule, mpaka usikie kimelia tak."

Zikasikika pumzi za Hui-chuan ndani ya barakoa, nzito, za kuchoka. Hsiu-luan alizisikiliza pumzi hizo kuliko alivyosikiliza kingine chochote, na jambo fulani ndani yake halikuzipenda.

"Tak," alisema Hui-chuan.

Bibi Pan, mke wa mzee, aliishi mtaa wa Wanhua, ghorofa ya juu, na kengele yake ilikuwa taa ya kuwaka na kuzima. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza siku zake za kufungiwa nyumbani, na majirani walimpisha kwenye ngazi kwa kujibanza ukutani. Hsiu-luan naye alijibanza, kisha akaona haya, akamshika mkono. Akampandisha kwenye skuta, akamleta sokoni, akamketisha mbele ya kamera ya kompyuta yake ya kibandani.

Picha ilipokuja, ya kukatika katika na rangi za kijivu, ilionyesha kitanda, na juu yake mzee mwembamba mwenye bomba la hewa puani. Bibi Pan aliinua mikono. Mzee hakusogea. Alitazama kana kwamba anatazama mzimu. Hapo bibi akaivuta barakoa yake na kuitupa mapajani.

Ujia ukafyatuka. Mtu alipiga yowe, mwingine akaangusha boksi.

"Mwambie avae!" Yen alipiga kelele, amebanwa kwenye kona ya kibanda chake.

"Hasikii!"

"Basi mwonyeshe!"

Lakini Hsiu-luan alikuwa ameshaona. Mikono ya bibi ilizungumza, na uso nao ulizungumza, nyusi, mashavu, midomo. Bila uso maneno yalikuwa nusu. "Anaongea kwa uso pia, Yen. Ukiufunika umemkata ulimi."

"Basi toka wewe! Si ndiye aliyelala kitanda kimoja na mgonjwa? Toka huko, Dada Luan!"

"Na kamera nani ataishika?"

Hakutoka. Alishika kamera kwa mikono miwili, akageuzia uso pembeni, akapumua kidogo kidogo kama mtu aliye majini. Skrinini mzee alikuwa ameinua mikono sasa, taratibu, na machozi yakimwingia masikioni kwa jinsi alivyolala. Yen alipotea. Aliporudi alikuwa amebeba karatasi kubwa ya plastiki, ile ya kufunikia bidhaa mvua ikivuja, akaitundika kati ya kibanda na ujia, akiapiza na kulaani ukoo mzima wa virusi. Kisha akasimama nje yake kama bawabu, akiwafukuza watazamaji.

Ikawa hivyo kila alasiri. Bibi Pan alikuja mwenyewe, na mandazi ya mvuke kwenye mfuko wa plastiki. Wakati mwingine Hui-chuan alipita nyuma ya kitanda na kupunga mkono, vazi jeupe lisilo na umbo, ila Hsiu-luan aliujua mwendo wake.

Halafu ikapita alasiri ambayo hakupita. Alipita muuguzi mwingine, mrefu, ambaye Hsiu-luan hakumjua.

"Hui-chuan yuko wapi?" aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Amepumzika, mama," muuguzi alijibu, na kuondoka upesi.

Siku ya pili jibu lilikuwa hilo hilo. Simu ya Hui-chuan haikupokelewa. Hsiu-luan alijiambia kwamba amelala, watu hulala. Lakini siku hiyo Babu Pan hakuwa akimsimulia mkewe mambo ya kila siku. Alizungumza kwa ishara fupi fupi za mikono, akitazama kando kama anayeogopa kuonwa, na Bibi Pan akaacha kujibu. Akamgeukia Hsiu-luan. Alionyesha kimo cha mtoto, karibu na magoti, kisha akamgusa Hsiu-luan kifuani: mtoto wako. Kisha akaweka kiganja juu ya paji la uso wake mwenyewe, akakiondoa haraka kama kilichoungua. Kisha akaonyesha kitanda kinachosukumwa, kinakwenda, mlango unafungwa.

Hsiu-luan alielewa kila neno. Hakulia. Masikio yake yalijaa mlio, na magari ya juu ya daraja yakawa kama yanapita ndani ya kichwa chake. Alipopata sauti, alimwita yule muuguzi kwenye kipaza sauti, akaita, akaita, mpaka akaja.

"Niambie," alisema. "Mimi naogopa kila kitu duniani, dada yangu. Usiponiambia nitaogopa zaidi. Niambie."

Muuguzi aliinamisha kichwa. Homa ilimpanda siku ile ile aliyoacha kuonekana. Picha ya mapafu si nzuri. Yuko chumba cha peke yake, ghorofa ya juu. "Hataki ujue. Ukitaka, tunaweza kuihamishia kompyuta hii kwake, ili umwone."

Hsiu-luan alimtazama Babu Pan, ambaye hakusikia hata neno lakini alikuwa amekwishakusanya vidole vyake juu ya shuka, akisubiri. Moyo ulitaka kusema ndiyo. Ulisema ndiyo, kimoyomoyo, mara nyingi.

"Iacheni," alisema. "Ninayo nyingine."

Ile bodi pacha ilikuwa bado ndani ya kasha lake, na kadi ya Yen ndani yake, ile iliyong'oka kwenye mfereji. Huko iendako safari hii hapakuwa na hata mtu wa kushika mswaki. Hsiu-luan aliikandamiza kadi mpaka mwisho, akakaza skrubu, akayeyusha gundi ya moto na kuimwaga pande zote mbili za mfereji, akaimwaga na juu ya memori, kazi ambayo kiwandani wangemfukuzia. Yen alishika taa. Hakutania. Ila alipoona mikono ya jirani yake inashindwa kufunga boksi, aliichukua kazi hiyo akaifunga yeye.

"Itawaka," alisema.

"Umejuaje?"

"Sijui. Nasema tu."

Iliwaka. Ilionyesha, wazi kuliko ile ya kwanza, uso wa Hui-chuan chini ya barakoa ya oksijeni, nywele zimegandamana, midomo ya bluu. Hakuweza kusema, kila neno lilimgharimu pumzi. Kwa hiyo Hsiu-luan alisema yeye. Alisimulia mambo yasiyo na maana: kwamba Yen amenunua viatu vikubwa kuliko miguu yake, kwamba muuza supu ya tambi amefungua tena, kwamba paka wa sokoni amezalia ndani ya boksi la skrini. Aliogopa kunyamaza. Aliona kama akikata maneno, uzi utakatika.

Siku moja, katikati ya habari za paka, picha iliganda. Hui-chuan alikuwa amefumba macho, kichwa kimelala upande, na kifua hakipandi wala hakishuki.

"A-Chuan?"

Aliigonga skrini kwa ukucha.

"A-Chuan!"

Yen aliipenya plastiki akaingia. "Ni mtandao! Dada, tazama taa ya modemu, imezimika! Ni mtandao!" Aliuchomoa waya, akauchomeka, akaupiga makofi, akiomba kwa Mama Mazu na kutukana kampuni ya simu katika pumzi moja. Hsiu-luan hakuona taa wala modemu. Aliona ule uso uliosimama. Ilipokuja tena picha, Hui-chuan alikuwa amefumbua macho, ananyanyua kidole gumba kidogo tu, kiasi cha kuonekana. Hsiu-luan alikwenda nyuma ya maboksi akatapika.

Babu Pan alifariki siku chache baadaye, asubuhi. Muuguzi mrefu alisimama mbele ya kamera na kuinama mpaka chini, na Bibi Pan hakuhitaji kuonyeshwa zaidi. Alikaa palepale, mbele ya kitanda kitupu, akazungumza nacho kwa mikono hadi alipomaliza aliyokuwa nayo. Hsiu-luan alikaa naye. Ndani ya huzuni ile alijikuta akishukuru kwamba hakikuwa kitanda kile kingine, na shukrani hiyo ikamtisha, akawasha uvumba kuiombea msamaha.

Hui-chuan alitoka mwezi wa sita, amekonda, anapumzika kila baada ya ngazi chache. Hakusimulia kilichotokea ndani. Yule muuguzi mrefu hakutoka. Hilo mama mtu alilisoma gazetini. Kompyuta zote mbili zilichomwa moto pamoja na magodoro. Bibi Pan aliendelea kuja sokoni, akawa anashona mifuko ya kubebea kompyuta pembeni mwa kibanda, na miaka michache baadaye, daraja lilipobomolewa na soko kuhamishiwa kwenye jengo jipya, alihama nao.

Lakini kabla ya hayo yote, vuli ya mwaka ule ule, Hui-chuan aliamka mapema akavaa sare yake. Wodi ileile ilikuwa imefunguliwa upya. Hsiu-luan alisimama jikoni, mgongo kwa mlango, akisikia zipu ya begi, kisha viatu. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ni usiende. Aliyasaga kwenye meno.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula, mama."

"Kula tena."

Hui-chuan akarudi, akakaa, akala tena, bakuli zima la uji na yai la chumvi, huku mama yake akimtazama kila kijiko. Kisha akaondoka. Hsiu-luan alitoka hadi kwenye ngazi, akasikiliza skuta ikishuka kichochoroni, ikikata kona, ikichanganyika na nyingine nyingi, na akaendelea kusimama pale akiisikiliza muda mrefu baada ya kuacha kuisikia.